Simu Zote Zipite kwa Meneja

Kwenye lodge moja ya Karatu nilikofanya kazi, meneja alitaka kila simu ya video inayoingia itue kwanza ofisini kwake, eti ndiyo heshima. Mashine ya kuzipokea na kuzigawa vyumbani nilijifunza mwenyewe kwa kubofyabofya, na mimi mjinga nikaipanga hivyo.

Siku hiyo mshikaji wangu, mpishi wetu kutoka kijiji cha Buger, alikaa chumba cha mikutano na tai ya kuazima, akisubiri usaili kwa video wa hoteli ya Dubai. Simu ikatua kwa meneja. Nikamsikia, "Hayupo." Akakata.

Nikamvamia. "Hayupo vipi, bosi, na yuko ukuta wa pili?"

"Akienda, nani atawapikia wageni?"

Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikaielekeza mashine kule kwa mshikaji, nikawaomba Dubai wapige tena.

"Umefukuzwa!"

"Poa. Ila hugusi hapa mpaka amalize."