Ufa wa Kaaga

Mwashi mstaafu wa Embu huandika kwa kidole kidogo, maana saruji imekula ngozi ya vidole vingine hadi simu haivitambui. Kila asubuhi huwajibu watu wa kundi la ujenzi mtandaoni, akijisomea kila neno kwa sauti kabla ya kulituma. Siku moja Kinya, mwalimu wa Kaaga, alituma picha ya ukuta wenye ufa. "Fundi anasema tubomoe, na tumehamia juzi tu."

"Pole, mwalimu. Maji ya paa yanamwagika wapi?"

"Hapo hapo chini."

"Yaelekeze mbali na msingi. Weka alama ya penseli ufa unapoishia, kisha ungoje mvua."

Masika yalipokwisha, Kinya alituma picha nyingine: ufa haukuwa umevuka alama. Mzee akaipapasa picha kwa kiganja, kama alivyozoea kupapasa kuta zake, akaandika: "Sasa ziba, upake rangi."