Neno la Mama wa Taipu

Mama wa taipu, aketiye barazani pa ofisi ya uhamiaji akiwachapia watu fomu na barua zao, hana haraka na mtu. Huvaa miwani kwanza, hupangusa vitufe kwa kitambaa, kisha husoma kibali cha mteja, tarehe kabla ya jina. Mteja akitamka “mhamiaji haramu,” yeye huandika “hana kibali.” Akibishiwa hujibu bila kuinua macho: “Haramu ni mali, mwanangu. Mtu hukosa karatasi tu.”

Leo dereva mmoja, aliyekuja kuongeza muda wa kibali chake, alimjia juu aliposikia jibu hilo. “Mama, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa! Sisi tunapanga foleni, wao wanaruka ukuta. Haramu ni haramu!” Foleni nzima ikaitikia. Mama anaijua adha ya foleni hiyo; aliwahi kuipanga mwenyewe. Alikisogeza kibali cha dereva kwenye mwanga, akakisoma mara mbili. “Hiki kilikwisha muda juzi, mwanangu.” Vidole vyake vikatulia juu ya vitufe. “Sasa hapa penye hali ya mwombaji, niandike neno lako au langu?”

Dereva aliinama hadi sikioni pa mama. “Andika la kwako, mama.”