Safari ya Tela la Bluu

Muuza duka wa Majengo alipofungua kopo la rangi ya mafuta, harufu ilinirudisha ndani ya lile tela kuukuu lenye vitanda, ambalo baba alilinunua kwa wajenzi wa barabara. Tulilikwangua kutu, tukalipaka bluu, vumbi likinasa kwenye rangi mbichi. Mama alikuwa amehamishiwa kazi mbali. Akija likizo, tungekwenda wote kupiga kambi Mpwapwa.

Likizo ikafika, mama hakuja.

Asubuhi hiyo baba akaniambia, “Panda.” Nikakaa kwenye kitanda cha mama. Akafunga mlango, akalizunguka tela polepole, kisha akaufungua.

“Tumefika. Pole na safari.”

“Asante baba, nimeshapoa,” nikajibu, nikashuka na begi langu, palepale uani kwetu.