Mama Makasia na Ngazi za Bwawa

Asubuhi ile Mama Makasia alimwambia mumewe kwamba chai yake imepoa kwa sababu anainywa kama bibi harusi. Mumewe akamaliza kikombe. Miaka arobaini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kufunga mdomo. Wakateremka bwawani, mume na kopo la rangi, mke na funguo za mashua.

Ilikuwa Jumamosi. Watu walishaanza kutandika mikeka kwenye nyasi za bustani.

Mashua zilikuwa saba, na hakuna iliyokodishwa kabla mama hajahesabu ngazi za mawe zilizo kavu, kutoka juu mpaka majini. Zikifika kumi na mbili, upande wa ukuta wa bwawa haupitiki. Chini ya maji pale kuna jukwaa la zege la mzinga wa vita, na limeshapasua mashua mbili.

Jukwaa hilo yeye alilijua likiwa kavu. Wakati wa vita alikuwa na miaka tisa, akimsaidia mama yake kufua nguo za askari waliolinda ukuta ndege zisije zikaubomoa. Ngazi zilijengwa na mateka. Mateka wakihesabu mawe kwa sauti, naye akiwafuatiza huku anakamua mashati. Shule yake ya hesabu ilikuwa hiyo, hakuwa na nyingine. Vita vilipokwisha ukuta ukaongezwa kimo, maji yakapanda, mzinga ukaondolewa na jukwaa likazama. Yeye akabaki, akaolewa na fundi wa mashua, na hakuwahi kukosea hesabu hata siku moja.

Asubuhi ile akasema kumi na mbili.

Jana zilikuwa tisa. Mume akaona ukuta umevuja. Kwamba mkewe amekosea, hilo halikumpitia kichwani. Akaanza kuzihamisha mashua kutoka upande wa ukuta, moja moja, peke yake, huku wateja wakimnung'unikia. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, kamba mapajani, kimya. Mume akapita mbele yake mara saba. Alidhani amenuna kwa ajili ya chai.

Kisha akazunguka bwawa zima kwa miguu mpaka kwa fundi wa pampu, akamweleza kwamba kwa hesabu ya mkewe maji yanakwisha. Yule fundi akacheka.

"Mzee, maji yako palepale. Leo mmelewa wote wawili?"

Wakarudi pamoja, wakahesabu. Tisa.

Hapo ndipo mume alipogeuka kumtazama mkewe vizuri. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulilala juu ya kamba kama kitu cha mtu mwingine.

Hospitalini daktari aliuliza hali ilianza saa ngapi. Mume akasema saa moja na nusu. Daktari akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na robo, akaandika. Alisema tu kwamba kiharusi hakisubiri, angeletwa mapema madaktari wangeweza kujaribu jambo. Binti yao alikuwa amesimama pale. Hakumlaumu baba yake, na afadhali angemlaumu.

Siku kumi mume alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda. Mashua aliweza kuiziba hata ikipasuka katikati. Hapa hakuwa na la kushika. Wauguzi wakija kumgeuza mgonjwa, anasimama, wakimaliza, anakaa. Mara moja alijaribu kumnywesha maji kwa kijiko, mama akapaliwa, muuguzi akamwomba mzee aache. Akaacha. Chakula alicholetewa na binti kilirudi nyumbani kama kilivyokuja.

Siku ya kumi, mchana, ulimi wa mama ukafunguka kidogo. Alifariki kesho yake. Maneno yalitoka taratibu, lakini mumewe aliyasikia yote:

"Nenda ukale, mume wangu. Hata ukinikodolea macho sitapona, na wewe utaanguka hapo, tena mimi sina mkono wa kukuokota."