Simu Mbili, Akaunti Moja

Huku Kahama mtu akinunua simu hafungui akaunti mwenyewe. Anamwachia fundi wa dukani, na fundi mwenye foleni hana muda wa kukuhoji. Yangu aliiwekea akaunti ya mume wangu, aliyekuwa amesimama pale kaunta. Tukashukuru, tukarudi Nyahanga tukiona tumepunguziwa usumbufu.

Mume wangu anachimba dhahabu Geita, nyumbani huja mara mojamoja. Mimi kwa miaka nilifanya kazi mwaloni, pale panapooshwa mchanga wa dhahabu, zebaki naishika kwa mikono mitupu. Mimba zikawa zinatoka zingali changa, naye hajui hata kama ziliingia. Nilificha, maana mama yake alishaanza kulalamika kwamba nyumba yetu haina mtoto. Basi nikawa naiuliza simu. Zebaki inaharibu mimba? Mwanamke wa hivi atazaa? Niliiamini kuliko dada yangu wa tumbo moja. Ujinga gani ule!

Siku moja mume wangu alinipigia, akauliza kwa mzaha kwa nini simu yake inajaa matangazo ya dawa za uzazi. Nikapakua kivinjari kingine cha kuingilia mtandaoni, jina jingine, rangi nyingine. Kilipotaka akaunti nikabonyeza ileile. Nyingine ningeitoa wapi? Nikaendelea kuuliza.

Matangazo hayakukoma. Nikarudi kwa fundi, akacheka.

"Shemeji, hivi vivinjari karibu vyote injini ni moja. Ni kama pikipiki zetu, wanabadilisha stika tu. Na akaunti ni ya bwana, unachotafuta anaweza kukisoma kwake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile mliyonunua."

Majina yote yale ya nini, kama ndani ni kitu kimoja? Nilimwomba afute kila kitu, akafuta. Nilijua nimechelewa.

Mume wangu aliporudi hakugomba. Afadhali angegomba.

"Nimeyaona yote," alisema. "Na mayu nimemsomea."

Mama yake hajui kusoma. Kwa hiyo maneno niliyoiandikia simu peke yangu chumbani yalisomwa kwa sauti kule kijijini kwao, uani, shemeji zangu wakisikiliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Mavuno yalipokwisha, ng'ombe walitolewa zizini wakapelekwa kumposea mke mwingine. Hakuna aliyekuja kuniuliza habari za mimba zangu. Walichotaka kujua walikuwa wameshasomewa.