Petroli ya Chupa

Pikipiki ya petroli ya ndugu yangu ilikuwa kelele tupu. Ukiwa jikoni ulijua kama amefika mtoni au bado anapanda. Mama aliipenda hivyo hivyo. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na mara mbili kwa wiki ndugu yangu alimtoa kwetu, huku juu ya Runyenjes, akampeleka hospitalini Embu akasafishwe damu kwa mashine. Mama aliiita safari hiyo "kwenda kufuliwa," halafu anacheka mpaka anakohoa.

Petroli ikapanda bei. Ikapanda tena. Jioni moja tukakaa jikoni kutafuta njia. Shemeji yetu wa mjini, anayejua kila kitu, akasifu gesi: gari lake linatumia mtungi kama wa kupikia.

"Na sisi tutaujazia wapi, shemeji, kwa kiwanda cha kahawa?" nikamuuliza.

Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Shemeji akanywa chai yake.

Ndugu yangu akasema betri. Unaichomeka ukutani kama simu, asubuhi unaondoka. Mama akauliza swali moja tu: "Ikiisha njiani, kuna kioski inauza stima kwa chupa?" Kwetu petroli huuzwa hivyo, kwenye chupa za soda, kando ya sabuni na maharagwe. Tulicheka sote, na yeye akacheka.

Usiache mbachao kwa msala upitao, husema Waswahili. Sawa, lakini hao Waswahili hawakuwa wakinunua petroli huku kwetu. Ndugu yangu akauza ile ya zamani, akaleta ya betri, na sitadanganya, ilikuwa nzuri. Mama alisema sasa anasikia ndege njiani, na kitambaa chake cha kichwani kimeacha kunuka moshi. Mama akiwa kwenye mashine, ndugu yangu alienda kwenye duka moja pale mjini, akaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, wakarudi. Kwa miezi kadhaa tulijiona wajanja.

Duka likafungwa. Tulikuta kufuli, basi. Haidhuru, tukasema, stima ya nyumbani ipo, na akiendesha polepole itawafikisha na kuwarudisha. Kisha radi ikaunguza transfoma ya kijiji. Tukapiga simu, tukaambiwa tungoje. Tukapiga tena. Ngojeni. Aki, hilo neno nalichukia mpaka leo.

Ndugu yangu akawa anabeba betri begani hadi duka moja la sokoni kuichajisha, mpaka mwenye duka hilo akamchoka, eti inakula stima kuliko friji yake. Pikipiki za bodaboda zilikuwepo, lakini kwa bei ile ya petroli, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki ilitushinda. Mama akaanza kwenda mara moja. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Nikimwambia tuazime nauli kanisani, anageukia ukuta.

"Wiki hii sijachafuka sana," anasema.

Nilimgombeza. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mama yake, kwa sababu niliogopa. Yeye akaniomba uji.

Na kila jioni, katika giza lile, ndugu yangu aliichomeka pikipiki ukutani. Nikamwambia amerukwa na akili. Akasema stima ikirudi usiku isimpite.

Transfoma ililetwa tukiwa bado na wageni wa matanga. Taa zikawaka, watu wakapiga makofi, hata mchungaji. Nilitamani kuwafukuza wote.

Asubuhi betri ilikuwa imejaa. Ndugu yangu akaichomoa, akaitoa pikipiki uani, akapangusa kiti cha nyuma kwa kitambaa kama alivyozoea siku za hospitali. Akamaliza, akabaki ameshika kile kitambaa.

"Sasa nimpeleke nani?" akaniuliza.

Mimi na mdomo wangu wote, nikakichukua kile kitambaa mkononi mwake, nikakianika.