Kopo la Mvule wa Kibuli

Tulikamatwa kabla hatujamaliza kupangusa udongo mikononi.

Tulikuwa wawili: mimi, mwalimu wa Kyambogo hapa Kampala, na rafiki yangu Mkongo anayechonga mihuri ya mpira Nakivubo. Mchezo wenyewe nilikuwa nimeusoma mtandaoni. Unatafuta mti wenye historia, unaficha hapo kopo lenye daftari na muhuri, kisha unatoa maelekezo. Anayelipata anapiga muhuri wako kwenye daftari lake, na wake kwenye lako. Mti wetu wa kwanza ulikuwa mvule wa Kibuli, mnene kuliko nyumba nyingi zinazouzunguka.

Muuza chapati aliyetuona tukiinama mizizini alipiga kelele: "Wanazika dawa!" Watu wakajaa. Bodaboda zikasimama. Mara akaja askari polisi, mkono kwenye bunduki.

"Nyinyi nafanya nini hapo? Hiyo kopo iko na bomu?"

Rafiki yangu aliufumbata mkoba wenye kitambulisho chake cha ukimbizi. Nikasogea nikasimama mbele yake.

"Afande, jambo," nikasema kwa Kiswahili cha kambi za jeshi. "Kopo nitalifungua mimi mwenyewe. Wewe rudi nyuma kidogo, na hawa watu warudi pia."

Akarudi, na watu wakarudi. Nikatoa daftari, kidau cha wino, na muhuri wenye jani la mvule. Nikaupiga kiganjani mwangu, nikakiinua wote wakione.

"Basi ndiyo hiyo tu?" akauliza askari.

"Ndiyo hiyo tu."

Akaniangalia vizuri. "Kiswahili hii umetoa wapi?"

"Baba yangu alikuwa sajenti. Tumetoka kaskazini, nimekulia kambini."

Akacheka, bunduki akairudisha begani. "Lakini mti iko na mwenyewe. Mliomba ruhusa?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Akatuelekeza kwa hajati mmoja, mjane, aliyeishi nyuma ya mvule. Nilimweleza kwa Kiganda, naye akatuzungusha nje ya nyumba yake. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepinda ghafla, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

"Mafundi walitaka kuukata mti," alisema. "Mume wangu akawaambia, kateni nyumba. Mnaona jikoni kwangu hakuingii meza? Hayo muyaandike."

Rafiki yangu aliniomba nimtafsirie yote, hata la meza. Tuliyaandika ukurasa wa kwanza. Hajati alituchagulia mwenyewe pa kuweka kopo, penye kivuli cha ukuta, ili anayelitafuta lazima apite kwanza mlangoni kwake amsalimie.

Tangu hapo tumeweka makopo kwenye miti mingine kadhaa ya Kampala. Siku hizi tunaanza kwa kupiga hodi.